Amina Niliyoisema Peke Yangu

Mkongeni, Ruhembe,
S.L.P. 27, Kidodi,
Wilaya ya Kilosa.

6 Machi, 1999

Mpendwa mjukuu wangu Gerald,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma kwenye vumbi na upepo. Natumaini u mzima, kifua hakikubani, na unakula chakula na si vitabu tu. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Goti la kulia linajua habari za mvua kabla ya redio, meno ya mbele tumeshaagana, lakini macho yapo na ulimi upo, kama utakavyoona. Mama yako Angela hajambo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja jike. Masika bado haijaanza sawasawa, inapiga matone mawili matatu jioni halafu inaghairi, kama mtu anayekuja kukopa akaona aibu.

Marahaba. Nakuitikia shikamoo ambayo hukuniamkia. Barua yako ya Januari nimeisoma mara nne, ya nne nikaigeuza nyuma, nikitafuta shikamoo kama anayetafuta sindano kwenye majani. Umeanza na Bwana Yesu asifiwe, umemaliza na ubarikiwe. Bwana Yesu asifiwe, sina ugomvi. Lakini Yesu mwenyewe akiwa juu ya msalaba, misumari mikononi, alikumbuka kumtafutia mama yake pa kukaa. Wewe uko kwenye kiti, una kalamu na mezani una chai, neno moja limekushinda. Kama huko chuoni wanawafundisha kwamba wokovu unafuta shikamoo, waambie walimu wako kwamba kuna mwanamke mmoja wa Vidunda amekataa.

Siku zote barua zangu kwako zinaanza na mume wangu, utani wetu tangu ulipokuwa unatambaa. Leo umeona sikukuita hivyo. Mume niliyekuwa naye, babu yako Theodory, hakuwa na maneno kama uliyoyaandika. Utabaki Gerald mpaka nione.

Naandika kwa mkono wangu, sikumwita mtu, kwa sababu mambo haya sitaki yapite kwenye kichwa cha mtu mwingine. Unajua elimu yangu, darasa la pili la misheni kule mlimani, na ile ya kisomo cha watu wazima ukubwani. Herufi zikipanda kilima, zifuate huko huko.

Sasa tuingie kwenye jambo. Umeniandikia kurasa tatu kunishauri ninyamaze kuhusu baba yako na njia ya ng'ombe. Wewe njia ile uliikuta, kama ulivyoukuta mlima. Hukuwahi kuuliza nani aliiweka. Na baba yako Petro hakukusimulia, kwa sababu ikisimuliwa, anaonekana yeye mwenyewe ndani yake akiwa uchi.

Mwaka wa Uhuru, ambao watu wa mjini wanausimulia kwa bendera na ngoma, sisi huku tunaukumbuka kwa njaa. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Tulichimba mizizi, tukachemsha, tukachemsha tena ili uchungu utoke. Baba yako alikuwa na miaka saba. Miguu ilimvimba, nywele zikageuka rangi, akawa hana nguvu hata ya kumfukuza nzi usoni. Nilishaanza kutafuta kitambaa cha kumzikia, na kitambaa chenyewe sikuwa nacho.

Ng'ambo ya shamba letu, kule uwandani, alikuwapo Mmaasai mmoja, Sendeka, na mkewe Nasieku. Ng'ombe wao nao walikuwa mifupa. Nasieku alisikia kwamba nina mtoto anayekwisha. Akaja asubuhi na kibuyu cha maziwa. Kesho yake akaja tena. Alikuja miezi minne, Gerald. Alikuwa na mwanawe Seuri, rika moja na baba yako, na nilikuja kujua baadaye kwamba Seuri alikuwa anakunywa kinachobaki. Hakudai kitu. Hatukuwa na lugha moja hata ya kuombana radhi, alikuwa ananionyesha kibuyu nami namwonyesha mtoto.

Mvua zilipokuja, babu yako alimwita Sendeka wakatembea pamoja kutoka juu ya shamba mpaka mtoni. Theodory akapanda mkonge huku na huku, upana wa ng'ombe kumi wakienda bega kwa bega, akamwambia hii ndiyo njia ya ng'ombe wako kwenda majini, wewe na watoto wako. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba miche ya mkonge kwenye kanga, miiba ikinichoma tumbo. Tukachinja beberu, nikapika mimi. Hiyo ndiyo hati. Hata Operesheni ya vijiji, iliyotuhamisha sisi na masufuria yetu, haikuuhamisha ule mkonge.

Tangu kiwanda cha sukari kiuzwe mwaka jana na watu wasikie kwamba miwa ya wakulima wadogo itatakiwa kwa wingi, huku wamepagawa. Wanapanda miwa mpaka mlangoni pa choo, mtu akienda kujisaidia anapotea. Mwalimu mstaafu amepanda miwa juu ya kaburi la mkewe. Kila mmoja anajiita mwekezaji. Mwekezaji wa suruali moja.

Ndipo akatokea bwana mmoja wa mjini anayelala gesti kule Mikumi, anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba yangu, nikamuuliza kama anaumwa macho. Ana trekta. Alitaka bonde lote liwe kipande kimoja mpaka mtoni, na njia ya ng'ombe ilikuwa inalikata katikati. Baba yako akamwambia hiyo si kitu. Mwezi wa Novemba, asubuhi moja, trekta likapita. Mkonge ulioanza mwaka sitini na mbili, mama akizeeka watoto wanachipua palepale, ukalala kifudifudi wote. Jumamosi yake palikuwa pameshapandwa miwa.

Tangu hapo ng'ombe wa Seuri wanazunguka kwa barabara kubwa kwenda kunywa maji, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Ndama wawili wamefia njiani. Ng'ombe mmoja amegongwa na lori. Nasieku, ambaye jicho moja halioni tena, anategemea maji yanayoletwa kwa punda.

Seuri alikuja nyumbani. Hakuja na vijana, hakuja na kelele. Fimbo aliiacha nje ukutani, akainama akaniamkia shikamoo mama, akakaa. Akamuuliza baba yako kwa sauti ya kawaida kabisa, "Petro, njia ya maji iko wapi?"

Baba yako akamjibu, "Njia ipi? Lete karatasi."

Seuri akageuka. Aliniangalia mimi. Na mimi, Gerald, bibi yako huyu mwenye ulimi, niliinamia sufuria nikakoroga mboga, kana kwamba mboga ndiyo iliyoulizwa. Seuri akachukua fimbo yake akaenda.

Nakuandikia hili ili usidhani nimekaa kwenye kiti cha juu nawadharau ninyi tu. Nilinyamaza Novemba, nikanyamaza Desemba, Krismasi nikala wali. Baba yako alikuwa ameniambia kwamba bonde hilo ndilo litakalokusomesha mpaka uvae ile kola ya wachungaji. Nami niliitaka ile kola kuliko wewe unavyoitaka. Kitenge cha kuvaa siku yako ya kuwekewa mikono nilishakichagua dukani kwa Mwinshehe, nikamwambia asikiuze. Nilishaanza kukaa kanisani kama bibi wa mchungaji, benchi la mbele, kikongwe mzima najipanua kama kuku anayeatamia. Kwa kiburi hicho nikaikoroga mboga.

Januari Seuri akapeleka shauri kwenye Baraza la Kata. Babu yako amekufa, Sendeka amekufa. Nasieku walimwambia hatakuwa shahidi kwa sababu ni mama wa mdai. Aliyebaki ni mimi. Ndipo baba yako akaja jikoni, akakaa kwenye kinu, akanibembeleza kama alivyokuwa akiomba sukari. Akaniambia, "Mama, wewe sema umesahau. Mzee akisahau hakuna wa kumlaumu."

Nimewazaa watoto sita, nimewazika watatu, najua siku na saa ya kila mmoja. Nakumbuka rangi ya yule beberu. Nakumbuka nani alihudhuria harusi yangu na nani alisema anaumwa. Na mwanangu anataka nisimame mbele za watu nijifanye gunia tupu.

Kabla sijamjibu, barua yako ikafika. Nikasema, afadhali, mjukuu wangu anasoma neno la Mungu, ataninyoosha. Na wewe ukaniletea Warumi kumi na tatu, nitii wenye mamlaka. Ukaandika kwamba mambo ya mipaka ni ya dunia hii na sisi tutafute yaliyo juu. Sasa kama mipaka ni ya dunia hii, mbona baba yako anaihitaji sana? Halafu ukaandika, nimeipigia mstari hapa, kwamba Wamaasai ni watu wa kuhamahama na Mungu atawaonyesha maji mengine.

Mtu aliyeandika maneno hayo anasomea uchungaji. Je, Ibrahimu alikuwa anahamahama na nini, na makabati? Hujui kwamba alikuwa mtu wa hema na mifugo, mgeni kwenye nchi za watu? Hujui kwamba Isaka walimfukia visima? Waliomfukia walikuwa wakulima kama sisi, walioona ng'ombe wake ni wengi. Miaka miwili uko chuoni. Mimi kwa kidole nimefika hapo kwa wiki mbili.

Maana baada ya barua yako niliamua kutafuta mwenyewe. Kwanza nilikosea, nikaenda Mikumi kwenye mkutano wa yule mhubiri wa spika, suti nyeupe, jasho. Anasema wakati huu ni wa soko huria na Mungu naye amefungua soko lake, mwenye imani atapata, aliyekosa amekosa imani. Watu wanaruka ruka. Nikarudi na vumbi kichwani na sikio moja limeziba. Mtu yule akikutana na Mwana wa Adamu asiye na pa kulaza kichwa, atamwambia aongeze imani.

Basi kila siku baada ya kuosha vyombo vya mchana nilikaa mlangoni pa jiko, Biblia mapajani, kidole kwenye mstari. Ndipo nikafika kwa Mfalme Ahabu. Hadithi ya Nabothi nilifundishwa utotoni, lakini utotoni unaona mbwa wanaolamba damu tu. Safari hii niliona mengine. Mfalme mzima, amenyimwa shamba la mtu, anapanda kitandani, anageukia ukutani, anakataa chakula. Nikacheka peke yangu, maana ndivyo baba yako anavyosusa. Na mkewe hakutuma majambazi. Aliandika barua, akagonga muhuri, akaita wazee wa mji, akatangaza mfungo, akaitisha mkutano. Kila kitu kwa utaratibu. Mashahidi wawili wakaketi, wakasema walichoambiwa waseme, na Nabothi akafa kihalali kabisa. Wenye mamlaka unaotaka niwatii, Gerald, ndio waliokuwa wameshika muhuri.

Nikaona pale kwamba bila mashahidi barua na muhuri visingefanya kitu. Ahabu hakuwa na nguvu mpaka mtu akubali kufungua kinywa, au akubali kusema amesahau. Nikafunga kitabu.

Nilikwenda kwa Mchungaji Timotheo. Kijana mzuri, viatu vinang'aa. Nikamweleza. Akaniambia kanisa haliingilii mambo ya ardhi. Nikatazama juu nikaona mabati mapya nusu ya paa, nikakumbuka ni nani aliyeyaleta na ni nani aliyeahidi nusu iliyobaki. Ni mzee wa kanisa, baba yako. Kanisa haliingilii ardhi, lakini ardhi imeshaingia kanisani na imekaa juu ya kichwa cha mchungaji.

Sikubishana naye. Nikamwomba jambo dogo la kizee. Nikamwambia zamani, tulipokuwa watoto kule mlimani, siku ya kwanza ya Kwaresima zilikuwa zinasomwa laana kutoka Kitabu cha Sala cha kale, msomaji anasoma, watu wote wanaitika Amina. Tuliiita siku ya laana, watoto tulikuwa tunaiogopa kuliko Ijumaa Kuu. Siku hizi mmeiacha. Mimi niko karibu kuondoka, nataka niisikie mara moja tena. Akafurahi. Akasema ni vizuri kutunza urithi wa wazee. Kitabu changu akakipokea kwa mikono miwili, na nina hakika hakukifungua. Akampa msomaji wa zamu. Msomaji wa zamu alikuwa baba yako, na kila anayemjua anajua kwamba husoma kanisani kama anayesoma ukuta wa posta, bila kuangalia mbele kuna nini.

Ilikuwa Jumatano ya tarehe kumi na saba Februari, asubuhi. Nasieku alikuwa karibu yangu, siku hizi anasali kwetu. Nilishahama benchi la mbele. Baba yako akasimama na suti yake ya kahawia, akaanza. Laana ya kwanza ni ya anayechonga sanamu aiabudu. Tukaitika Amina, sauti nzuri, nani kati yetu ana sanamu. Ya pili ni ya anayemdharau baba yake au mama yake. Amina. Akafungua ukurasa. Ya tatu ni ya anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake.

Aliiona kabla hajaitamka. Nilimwona akiiona. Akatoa kitambaa akajifuta, na asubuhi ile hapakuwa na joto. Halafu akaanza kusoma ya nne, ya anayempoteza kipofu njia.

Nikamwambia kutoka pale nilipokaa, "Umeruka mstari, Petro."

Njiwa wakasikika kwenye yale mabati. Mchungaji akakohoa. Baba yako akarudi juu ya ukurasa, akausoma mstari ule kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa na miaka saba. Akamaliza.

Hakuna aliyeitika. Wote wanajua habari ya njia, wote wana miwa. Wakageuka wakaniangalia mimi, kwa sababu ni mwanangu, wakitaka kuona. Nikajishika kwenye benchi, goti likagoma, nikasimama nalo hivyo hivyo, nikasema Amina. Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilimgeukia Nasieku nikidhani atasimama na mimi, maana laana ile ilikuwa ya kwake kwa haki kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Hakusimama. Alinivuta kanga nikae, akaniambia sikioni kwa Kiswahili chake, "Mimi simlaani mtoto niliyemlisha."

Amina yangu ilibaki peke yake mle kanisani.

Laana zilizobaki alizisoma Mchungaji, upesi upesi. Mojawapo ilikuwa ya anayepotoa haki ya mgeni, yatima na mjane, na watu waliitika kwa nguvu sana, maskini wa Mungu, walidhani hiyo haiwahusu.

Wiki iliyofuata Baraza la Kata liliketi. Nilisema yote, Gerald. Nilisema njaa, nilisema kibuyu, nilisema miezi minne, nilisema beberu na rangi yake. Mwenyekiti aliniuliza kama nina uhakika mimi ni mzima wa akili. Nikamtajia siku aliyozaliwa yeye na mkunga aliyemzalisha, wakacheka, akaandika. Baraza likaamua njia ifunguliwe na mkonge urudishwe. Baba yako akasema atakata rufaa wilayani Kilosa. Yule bwana wa miwani anamtia moyo, anamwambia kule juu wanaelewa mambo ya maendeleo. Tangu siku hiyo Petro hasemi na mimi. Chakula anakula kwa Angela, akipita uani ananisalimia kwa kumtazama mbuzi.

Nikuambie sasa kilichonifanya nishike kalamu. Si kukugombeza tu, ingawa umestahili. Nimemtolea mwanangu Amina mbele ya madhabahu, na mimi si mtu wa kusema neno kanisani halafu nikalimeza nje. Alistahili. Haki ya Mungu haina mtoto wa mama. Lakini kila akikohoa nasikiliza. Trekta likipita naye yuko juu yake, nasimama mlangoni mpaka lirudi. Wewe uliyesoma utaniambia huo ni ushirikina. Sema. Nasieku aliyedhulumiwa amelala usingizi, mimi niliyeshinda shauri silali.

Nimesoma tena pale kwa kidole, polepole. Laana ni ya anayeondoa alama. Akiirudisha, hayumo tena. Sijaona njia nyingine ya kumtoa baba yako ndani ya mstari ule ila aingie bondeni na jembe.

Na hawezi, kwa sababu yako. Kila akianza kulegea analitaja jina lako. Anasema asiponiangusha mimi atakuangusha wewe. Kwa hiyo mwenye kumfungua ni wewe, si Baraza wala wilaya. Mwandikie. Usimwandikie Warumi. Mwandikie kwamba ada itakayotoka kwenye njia ya maji ya watu huitaki, na kama chuo kitakurudisha nyumbani, rudi. Kuna mbuzi, kuna kitenge ambacho Mwinshehe amekubali kuniuzia bila haraka, kuna Mungu ambaye hakumwita Amosi kutoka chuoni, alimwita kutoka nyuma ya kondoo. Ukiwa mchungaji kwa maji ya Nasieku, siku utakayoinua mkono kutubariki mimi nitatoka nje.

Jambo la mwisho hakuna anayelijua. Lile trekta lilipopita Novemba, kabla hawajapanda, nilikwenda bondeni na kanga yangu ile ya kazi nikaokota miche. Niliyekuwa sina ujasiri wa kufungua kinywa nilikuwa na ujasiri wa kuokota. Nimeilaza nyuma ya jiko, nimeifukia mizizi kidogo, nimeifunika na majani ya migomba. Iko arobaini na saba. Nimeihesabu jana, yote ni hai, mingine imetoa ncha mpya. Mkonge ni kitu cha ajabu, unaukatilia mbali nao unakusubiri.

Pasaka ni tarehe nne Aprili. Panda basi, shuka Mikumi, huko utapata gari la Kidodi. Ukifika uniamkie kwanza. Halafu mchukue baba yako, mpitie Seuri nyumbani kwake, na mkabebe miche hiyo kabla mvua haijawa kubwa. Wao wawili walikunywa kibuyu kimoja, waache wachimbe mashimo yanayotazamana. Nasieku na mimi tutakaa pembeni tuangalie kama mnapanda mstari ulionyooka. Mkimaliza, nitawaambia neno ambalo nilisema peke yangu, na safari hiyo nataka nyote mliseme.

Nisalimie shangazi yako Naomi hapo Dodoma, mwambie dawa ya goti imefika na hainisaidii kitu. Wasalimie walimu wako, hata hao wa Bwana Yesu asifiwe. Mama yako Angela anakusalimu na anasema uvae sweta. Nasieku anakusalimu, anauliza kama huko chuoni mnapewa maziwa. Mungu wa visima vya Isaka akulinde njiani, akupe moyo wa nyama na si wa makaratasi.

Ni mimi bibi yako nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia, na mke wako tena siku nitakayokuona bondeni na jembe,

Costancia Theodory